Kura Iliyokuja Husby

Husby, Stockholm
2 Juni 2019

Kaka Cyprian,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na macho hayajazidi kudhoofika. Huku hatujambo. Binti yangu Josefin anakusalimu. Bado anaishi Upplands Väsby, bado anapakia mizigo ya abiria kule uwanja wa ndege wa Arlanda, na bado nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, tena polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni. Mimi niko kwenye kazi yangu ileile ya kuwahudumia wazee majumbani mwao. Juzi bibi mmoja wa miaka tisini na mbili aliniuliza nitastaafu lini. Nikamwambia Januari, nikitimiza sitini na tano. Akasema, "Na mimi je, nani atanipaka mafuta miguuni?" Nilicheka, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa namfikiria.

Najua unashangaa kuona nimeshika kalamu kama enzi za Baba. Sababu unaijua. Kwenye kundi la familia la WhatsApp ulijitoa mwezi wa tatu, baada ya kumwita binamu yetu mpumbavu kwa ajili ya mambo ya Ulaya. Tukahamia kwenye simu. Mara mbili ulinikatia, mara moja nikakukatia mimi, na sijutii. Barua haikatiki. Ukikasirika utaiweka chini, kesho utaimalizia.

Sasa jambo lenyewe. Baada ya kumzika wifi Gladness tulikubaliana, mimi na wewe, kwamba nikistaafu nije kukaa nawe Leicester. Daktari alikuambia baada ya miaka miwili mitatu hutaweza kuitambua sura ya mtu. Huna mtoto, na huna mke tena. Umebaki na mimi. Pasi yangu ni ya Uswidi, kwa hiyo naweza kuja kuishi kwenu bila kuomba ruhusa ya mtu, mradi Uingereza bado iko Ulaya.

Sasa waziri mkuu wenu anaachia ngazi, na chama chake ndicho kitakachochagua mwingine. Redioni nimesikia kuna wanaokitaka kiti hicho wanaosema tarehe 31 Oktoba wanatoka Ulaya, wawe na makubaliano wasiwe nayo. Ikiwa hivyo, mimi wa Januari nitafika nikute mlango umefungwa. Kwa hiyo nimewaza nije Oktoba, niachane na hiyo miezi iliyobaki ya kazi.

Lakini nikija Oktoba, lazima niwape taarifa wenye nyumba kabla ya mwisho wa Julai, maana wanataka miezi mitatu. Unajua ilivyo kupata nyumba ya kupanga kwa jina lako hapa Stockholm. Hii niliingojea kwenye foleni miaka kumi na mmoja. Nikiirudisha, nyingine siipati tena maisha yangu. Fomu iko hapa mezani, sijaitia sahihi. Niambie neno moja tu, kaka. Nije?

Mdogo wako,
Paskalia


Leicester
19 Juni 2019

Kwa mdogo wangu Paskalia,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe saba. Nimechelewa kwa sababu kuandika kumekuwa kibarua. Naweka kioo cha kukuzia juu ya karatasi, naandika maneno matatu, nasogeza kioo, naandika mengine matatu. Ukiona mstari umepanda mlimani, vumilia.

Mimi sijambo. Maharage yameota vizuri, ingawa konokono wanakula kabla yangu. Parokiani tumepata padri mpya kutoka Kerala, anahubiri dakika nane tu na watu wamempenda. Wale vijana niliofundisha kuendesha basi wananipitia Jumamosi, tunakunywa chai. Mmoja wao, Clovis, ananisomea barua za hospitali. Zako nazisoma mwenyewe.

Kuhusu kuja kwako, usifanye haraka. Hali haijaeleweka. Wabunge wanaendelea kuwachuja wagombea, watabaki wawili, kisha sisi wenye kadi ya chama tutaletewa karatasi kwa posta mwezi ujao. Matokeo yatakuwa karibu na mwisho wa Julai. Tungoje tuone.

Halafu fikiri pia kuhusu nyumba yako. Ni nyumba nzuri, treni iko mlangoni, duka liko chini. Hapa kwangu chumba cha juu kina unyevu. Halmashauri waliahidi kukikarabati na hawajatokea.

Msalimie Josefin. Mwambie mjomba wake anamkumbuka.

Kaka yako,
Cyprian


Husby
27 Juni 2019

Kaka,

Shikamoo tena. Unyevu! Nimekuuliza nije au nisije, wewe unanieleza habari za unyevu. Mimi nimeishi nchi yenye theluji miaka thelathini na mmoja, kaka, sitakufa kwa ukuta uliolowa.

Huku tumemaliza sikukuu yao ya katikati ya kiangazi. Mji wote ulikimbilia mashambani, Husby tukabaki wenyewe. Mimi na jirani yangu Hortense, yule Mkongo wa Butembo niliyekusimulia, tulipika sombe, kisamvu cha kwao, tukakaa kwenye nyasi na viti vyetu mpaka saa nne usiku, jua likiwa bado linatuangalia. Josefin alikuja na mchumba wake. Kijana mpole, anakula pilipili kwa kujilazimisha.

Sasa nisikilize. Nimeisoma barua yako mara nne. Mtu anayenitaka nyumbani kwake haandiki hivyo, na mtu asiyenitaka pia haandiki hivyo. Kuna kitu unakizunguka. Kwa hiyo nakuuliza mambo mawili, unijibu kama kaka.

La kwanza: hiyo karatasi ikija, utamchagua nani? Wameshabaki wawili. Mmoja anasema tarehe 31 Oktoba ni kutoka tu, liwalo na liwe. Mwingine anasema naye atatoka, lakini makubaliano yakikaribia anaweza kungoja kidogo. Mimi hicho kidogo ndicho ninachokihitaji.

La pili: mwaka 2016, mlipoulizwa mbaki Ulaya au mtoke, wewe ulisema nini? Miaka mitatu sasa hujawahi kunitajia.

Unakumbuka chama cha ushirika wa kahawa, Baba alipokuwa katibu? Wagombea wa uenyekiti walikuwa wanasimamishwa uwanjani, wanageukia ukuta, na kila mwanachama anakwenda kupanga mstari nyuma ya mtu wake. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Mwaka ule Baba alisimama kwenye mstari wa watu kumi na wawili, wenzake mia mbili wakiwa upande wa pili. Kila mtu alimwona. Jioni yule aliyeshinda alikuja kwetu kunywa pombe ya rubisi, wakacheka hadi Mama akawafukuza. Niambie tu umesimama nyuma ya nani, kaka. Nitakuona, na kesho yake nitakuamkia kama kawaida.

Paskalia


Leicester
9 Julai 2019

Paskalia,

Marahaba. Sina habari nyingi. Jicho la kushoto limepungua nguvu.

Nchi hii kura ni siri. Ndivyo sheria inavyosema na ndivyo ninavyopenda mimi. Kule kwenye ushirika si wote walikuwa na moyo wa Baba. Wengi walisimama nyuma ya mtu kwa kuogopa macho ya jirani. Ulikuwa mdogo, hukuyaona hayo.

Lakini kuna jambo jingine la Baba ambalo nalikumbuka. Alikuwa hakati shauri la mtu bila kumwita. Hata alipotaka kung'oa mibuni miwili iliyokuwa upande wa shangazi, alimtuma mtu amfuate kule Muleba aje aseme mwenyewe. Shauri hili ni lako kuliko langu. Mimi waziri mkuu yeyote atanikuta hapahapa na kioo changu.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi yangu ya kura. Ilikuja jana. Sijaigusa. Weka alama panapokufaa, itie kwenye bahasha yake ndogo, uipeleke posta. Hiyo ndogo haihitaji stempu ikiwa hapa, lakini huko kwenu nadhani inahitaji. Ifike kabla ya tarehe 22 saa kumi na moja jioni.

La pili usiniulize.

Kaka yako,
Cyprian


Husby
16 Julai 2019

Kaka Cyprian,

Shikamoo. Jana nilirudi kutoka kazini nikakuta bahasha yako kwenye tundu la barua mlangoni. Nilidhani umenitumia picha za Gladness nilizokuomba. Nikaifungua nikiwa bado na viatu. Kaka, nilikaa chini palepale ukumbini.

Hortense alikuwa ameniletea chumvi. Akaichukua karatasi, akaigeuzageuza, akanirudishia kwa mikono miwili. "Bandugu zangu ku Butembo hawakuvota mwaka jana, balisema kuko Ebola," aliniambia (kuvota kwao ni kupiga kura, na yaya ni dada mkubwa). "Na weye, yaya, kura inakutafuta mpaka ku nyumba!" Tulicheka mpaka machozi. Kisha akaona nimeshika kalamu. Akaacha kucheka. "Eh, yaya. Hiyo si ya kwako. Ukitia alama, siku bakikuuliza utasema nini?"

Sikudanganyi, nilitaka. Kalamu ilikuwa mkononi na lile jina lilikuwa pale. Watu laki moja na zaidi ndio wanaowachagulia Waingereza wote waziri mkuu, na mimi Paskalia, muogesha wazee wa Husby, nilikuwa na nafasi moja kati yao. Nilijiona mtu mkubwa kwa kama dakika kumi.

Halafu hasira ikanipanda. Umenipa kura badala ya jibu. Nimekuuliza swali la dada kwa kaka, wewe umetafuta karatasi ya chama ukanifunika nayo mdomo. Mimi si Mwingereza, sina haki ya kuweka alama hapo, na wewe huna haki ya kunipa. Miaka yote unawahubiria vijana wako habari ya kufuata sheria, leo unatia kura ya nchi kwenye bahasha kama unamtumia mtu mbegu za mchicha.

Nakurudishia. Nimelipia stempu za kutosha, na karani wa posta, kwenye duka la Mkurdi hapa chini, ameniambia siku nne au tano. Inaweza kukuwahi, inaweza isikuwahi. Iweke alama mwenyewe, kwa kioo chako na mkono wako.

Lakini la pili nitalirudia, na sasa nina sababu ya kulirudia. Fomu ya nyumba iko mezani. Mwisho ni tarehe 31 mwezi huu. Ninakaribia kutupa kitu nilichokingojea miaka kumi na mmoja ili nije kukupikia, kukusomea barua zako na kukushika mkono barabarani. Nitakuja kwa furaha. Ila siji kwenye nyumba yenye neno lililofichwa. Niandikie ulichosema mwaka 2016. Kiwe chochote.

Nimekasirika, na nakupenda. Yote mawili ni kweli leo.

Paskalia


Leicester
24 Julai 2019

Paskalia, mdogo wangu,

Marahaba. Karatasi ilinifikia jana asubuhi. Upigaji ulikwisha juzi jioni. Nilikuwa nimeishika mkononi redio ilipotangaza jina la waziri mkuu mpya. Ni yule wa liwalo na liwe, umeshasikia. Ameshinda kwa mbali, kura yangu isingebadilisha kitu. Nimeiweka kwenye droo ya vijiko.

Barua hii Clovis anaipeleka posta sasa hivi ikufikie kabla ya tarehe 31. Kwa hiyo nasema haraka. Mwaka 2016 nilisema tutoke.

Unataka kujua kwa nini. Mimi na Gladness tulifunga ndoa Bukoba mwaka 1993. Nikarudi kazini nikidhani atanifuata baada ya miezi michache. Walimnyima viza mara mbili. Ofisa mmoja aliandika kwamba haamini kama ndoa yetu ni ya kweli, akataka picha zaidi, barua zaidi, risiti za simu. Miaka mitatu na miezi minne. Mwaka huohuo wa kwanza dereva mwenzangu, Mreno, kijana mzuri tu, alimleta mkewe ndani ya wiki mbili tu. Alinialika chakula. Nilikaa mezani kwao nikamwangalia yule binti akipakua samaki, nikaweka uma chini. Mimi nilikuwa na pasi ya Uingereza, nimetoka nchi ya Jumuiya ya Madola, nimewaendeshea mabasi yao miaka tisa. Gladness alipofika alikuwa na miaka thelathini na tisa. Unajua hatukupata mtoto. Daktari alisema tulipaswa kuanza mapema.

Kwa hiyo waliponiuliza kama mlango ule wa Ulaya uendelee kuwa wazi wakati wetu ulikuwa na kufuli, niliweka alama yangu na sikutetemeka. Sikukufikiria wewe. Hilo ndilo linalonichoma. Nilikuwa kwenye chumba cha kupigia kura na sikumbuki hata mara moja kuwaza kwamba dada yangu ni mtu wa mlango huohuo.

Na nikwambie lililo baya zaidi, maana umetaka neno lisifichwe. Karatasi hii ingefika juzi, na ningeiweka alama mimi, ningemchagua huyuhuyu aliyeshinda. Ndiyo maana nilikutumia wewe. Niliogopa mkono wangu.

Sasa unajua. Usirudishe nyumba yako. Mtu kama mimi haachiwi nyumba.

Cyprian


Husby
11 Agosti 2019

Kaka Cyprian,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe 30, siku moja kabla. Fomu nimeichana, nikaitupa kwenye pipa la karatasi. Josefin alikuwepo, akaniuliza kwa Kiswidi kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika.

Nimekaa siku kumi na mbili bila kukujibu kwa sababu nililia, kisha nikawa na zamu za watu walioko likizo. Nililia kwa ajili ya Gladness. Habari ya ndoa kutoaminika sikuwahi kuijua. Nilijua tu kwamba viza ilichelewa.

Lakini hilo lingine nilikuwa nalijua.

Wifi aliniambia, wiki ileile ya Juni 2016, kwa simu, akiwa amejifungia bafuni kwenu. Yeye alichagua kubaki. Aliniambia, "Kaka yako ametuadhibu wote kwa kosa la ofisa mmoja." Akaniomba nisikuulize mpaka useme mwenyewe, kwa sababu alikujua. Nilimtii akiwa hai. Alipofariki nikaona siwezi tena, ila kukuumbua pia sikuweza. Kwa hiyo miaka mitatu nimekusikiliza ukizungumzia maharage.

Niliumia, Cyprian. Nisikufiche. Wiki ile nilikuwa nikikaa kwenye treni ya kwenda kazini najiuliza kama kaka yangu ananichukulia kuwa mmoja wa wale waliomkosea. Ukisema hukunifikiria, inaniuma zaidi kuliko ungesema ulinifikiria ukanikatalia. Lakini umesema. Na umeniambia hata lile la mwaka huu, ambalo Gladness asingeweza kuniambia na mimi nisingelijua kamwe. Hapo ndipo niliposema moyoni, huyu sasa ni kaka yangu.

Kwa hiyo sikiliza. Mimi siji. Wewe njoo.

Pasi yako bado ni ya Ulaya mpaka tarehe 31 Oktoba. Josefin amesoma kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji: Mwingereza aliyekwisha kuhamia hapa kabla ya siku hiyo atapewa muda wa kujipanga, hata mkitoka bila makubaliano. Pensheni yako itakufuata. Nina vyumba viwili na jikoni, na kliniki ya macho iko vituo vichache kwa treni. Nikistaafu Januari nitakuwa nawe kutwa nzima.

Najua utachukia kuutumia mlango huo wa Ulaya. Utumie hivyo hivyo.

Paskalia


Husby
8 Septemba 2019

Kaka,

Shikamoo. Ni wiki nne. Nimemwuliza Clovis kwa simu, anasema u mzima na unakula. Basi jibu.

Hortense anakusalimu. Anasema amekuona kwenye picha na ana hakika huwezi kumshinda kwenye karata.

Paskalia


Leicester
25 Septemba 2019

Paskalia,

Marahaba.

Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naona aibu, na aibu haiandikiki kwa kioo cha kukuzia. Nitajaribu.

Mimi ndiye niliyeachiwa nyumba na Baba. Niliambiwa mbele ya ukoo mzima kwamba dada zangu wakikosa pa kwenda waje kwangu. Leo nina miaka sabini na mmoja na naambiwa nichukue begi nikakae kwa dada. Vijana wangu wa basi watasema nini? Binamu yule niliyemwita mpumbavu atacheka mpaka adondoke.

Halafu kuna hili. Nikija, nitakuwa nimeingia kwa njia niliyowafungia wengine. Clovis ameniambia hivyo waziwazi. Wazazi wake walikuja kutoka Kamerun kwa viza, kama Gladness. Alisema, "Mzee, ukienda nitakupeleka mpaka uwanjani, lakini nitakuwa nakucheka njia nzima." Nilimwambia ana haki.

Nimefikiri mwezi mzima nikatafuta sababu nzuri ya kukataa. Kila niliyoipata ilikuwa ni kiburi kimevaa koti. Jumatano iliyopita nilitaka kuvuka barabara nje ya kanisa. Nilisikia basi, sikuliona. Mimi, niliyeendesha yale mabasi miaka ishirini na sita. Mama mmoja alinivuta kola. Nilisimama ukutani nikalitaja jina lako kwa sauti, kama mtoto.

Halmashauri nimewaambia naondoka. Clovis ameniangalizia ndege ya tarehe 24 Oktoba, inafika Arlanda saa tisa mchana. Picha za Gladness nakuja nazo mwenyewe.

Nina sharti moja. Sitasema nilikosea kuhusu nchi hii. Kwako nilikosea, na hilo nalisema. Kuhusu nchi bado nafikiri nilivyofikiri. Kama huwezi kukaa na mtu wa namna hiyo, niandikie sasa, sijafunga begi.

Kaka yako,
Cyprian


Husby
3 Oktoba 2019

Kaka Cyprian,

Shikamoo. Funga begi.

Sharti lako nimelisoma nikalicheka. Nimelala nyumba moja miaka kumi na tisa na mume ambaye hatukukubaliana hata kuhusu chumvi, Mungu amrehemu. Kuhusu Ulaya tutagombana jikoni, kwa sauti, na Hortense atakuja kuamua kwa sababu kuta ni nyembamba. Kuhusu mimi umekwisha kusema, na sitakuuliza tena.

Josefin amebadilishana zamu siku hiyo. Amefanya mazoezi ya kusema "Shikamoo mjomba" tangu Jumapili, usimcheke. Nimekununulia koti zito, maana la Leicester halitakufaa huku hata Novemba.

Sasa ya uwanjani, uyajue mapema kwa sababu ya macho yako. Ukishuka kwenye ndege fuata watu, usiharakishe. Mbele utakuta ukaguzi wa pasi, kuna foleni mbili. Moja ni ndefu, ndiyo ya watu wa dunia nzima, wanasimama wameshika makaratasi. Nyingine ni fupi, ina bendera ya buluu yenye nyota. Tarehe 24 wewe bado ni wa hiyo fupi. Nenda usimame hapo. Mtu asipokuonyesha, uliza.

Najua utakavyojisikia ukiwapita wale wengine, na najua utakayemwona kati yao hata kama macho hayaoni. Simama tu, kaka, ufike mbele, utoe pasi yako. Mimi nitakuwa nyuma ya kioo upande wa pili.

Mdogo wako,
Paskalia